Bangili ya mama yazimika kabla ya saa tatu

SWALI: Mhandisi, nakusalimu kutoka Umoja. Mama huuza mitumba Gikomba, na daktari anataka kujua mapigo ya moyo wake yakoje akiwa kazini. Nimemtengenezea bangili kwa chipu ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi na Bluetooth), sensa ya mwanga na betri ya miliampia-saa 200. Inapima kila dakika na kutuma kwa Wi-Fi hadi kwenye simu yangu. Mezani kwangu, ikiwa kwenye waya, haina shida. Lakini mama akitoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya saa tatu imezimika, na sipati rekodi yoyote. Yeye hubeba kabambe tu, ile simu ndogo ya vitufe. Ninunue betri kubwa?
– Msomaji, Umoja

JIBU: Betri iache kwanza. Huko Gikomba bangili inatafuta Wi-Fi yako, haiioni, inatafuta tena. Chipu hiyo Wi-Fi ikiwa macho hula miliampia 100 hivi, na zaidi inapotuma. Gawanya 200 kwa 100: saa mbili basi. Betri kubwa itachelewesha tu kuzimika, na mkono wa mama utalemewa.

Programu yako inadhani simu iko karibu siku nzima. Iandike upya ukijua kwamba haipo. Bangili ipime, iandike, ilale. Wi-Fi izime kabisa.

Pima kila dakika 5, kwa sekunde 15 hivi. Kila rekodi ipe baiti 6: nne za wakati, moja ya mapigo, moja ya ubora wa kipimo. Hiyo ya mwisho usiiache, kwa sababu mama akiinua mzigo sensa hutikisika na kutoa namba za uongo. Kwa siku nzima ni baiti 1,728 tu. Chipu ikilala usingizi mzito kumbukumbu ya kawaida hufutika, kwa hiyo weka rekodi kwenye ile kumbukumbu ndogo ya RTC, isiyofutika chipu ikilala, kisha kila saa uzihamishie kwenye flashi, inayohifadhi hata umeme ukikatika. Usiandike flashi kila mara, huchakaa.

Na kama umefunga bodi nzima ya majaribio, kama zinazouzwa Luthuli Avenue, ile taa yake nyekundu na chipu ya USB hula umeme hata ESP32 ikiwa imelala. Tumia moduli ya ESP32 yenyewe, bila bodi.

Jioni simu yako iunganishwe kwa Bluetooth ya nishati ndogo. Huduma ya kawaida ya mapigo ya moyo katika Bluetooth hutuma kipimo cha wakati huo tu, kwa hiyo tengeneza yako: simu itaje rekodi ya mwisho iliyo nayo, bangili itume zinazofuata, na isifute kitu mpaka simu ikiri kupokea. Hapo hapo simu iirekebishie bangili saa yake. Kuanzia Android 12, omba ruhusa za BLUETOOTH_SCAN na BLUETOOTH_CONNECT, la sivyo hutaona kifaa.

Weka pia namba ya siri ya kuoanisha bangili na simu, maana sokoni watu ni wengi na hayo ni mambo ya mwili wa mama yako. Ukija kuwauzia wengine, Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kwa sasa mpelekee daktari rekodi zote, pamoja na zile mbovu ukiwa umezitia alama, naye aamue. Dawa za mama zisibadilishwe kwa sababu ya bangili.