Maswali ya Wasomaji: Kuwapeleka Watoto Kwenye Mashamba ya Viungo Unguja

Swali: Shikamoo Mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 5, 9 na 13, na tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Likizo ya Desemba tutakwenda kwa dada yangu Mwanakwerekwe, Unguja, na ningependa siku moja tuwapeleke watoto kwenye mashamba ya viungo. Baba yao anasema mashamba hayo ni ya wazungu, na kwamba tutatoa fedha ili tuoneshwe miti. Nami nina hofu kwamba yule mdogo atachoka mapema na kuanza kulia. Je, matembezi hayo yanafaa kwa familia kama yetu, na tuyapange vipi? — Mama wa Watatu, Tabata.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Yanafaa, tena yanawafaa nyinyi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa watoto wako wamekula pilau na kunywa chai ya viungo tangu wakiwa wadogo, ila hawajapata kuuona mti hata mmoja uliotoa harufu ile. Mtoto wa mjini anaijua iliki ikiwa ndani ya pakiti ya dukani. Akiinama na kuikuta imeota chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo chini ya majani marefu kuliko yeye, hataisahau. Mwambie baba yao, kwa heshima, kwamba wageni kutoka nje wamezoeleka huko kwa sababu wao ndio wanaokwenda, na kwamba mashamba hayo tangu asili ni ya kwetu.

Mashamba yanayopokea wageni yako zaidi upande wa Kizimbani, Kidichi na Dole, na kutoka Mwanakwerekwe kwa gari hamtazidi saa moja. Ondokeni asubuhi. Jua la saa sita halimfai mtoto wa miaka 5, na harufu za majani husikika vizuri zaidi kabla joto halijapanda.

Sasa nikupe jambo moja ambalo nimelifanya na wajukuu zangu, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama matembezi yatawaingia watoto au la. Usiku wa kuamkia safari, ingieni jikoni kwa dada yako pamoja na watoto, mchukue viungo sita visivyosagwa: karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, kungumanga na kipande cha manjano. Vifungeni katika kitambaa, na kila mtoto akabidhiwe viwili. Kazi yake kesho ni kumtafuta mama wa kila kiungo alichonacho, yaani mmea uliokizaa. Mtembezaji akiambiwa habari hiyo hufurahi na huwaacha watoto wakisie kabla ya yeye kutaja jina. Mtoto mwenye kazi mkononi hasubiri kuburudishwa, na yule mdogo wako atatembea muda mrefu kuliko unavyodhani, kwa sababu anaitafuta kungumanga yake.

Msikimbilie kuona kila mti. Mashamba haya yana mimea mingi mno, na mtembezaji aliyezoea watu wenye haraka atataka kuwapitisha kwenye yote. Mwombeni apunguze mwendo. Kwa watoto, mimea minne au mitano iliyoshikwa, ikanuswa na kuulizwa maswali ni bora kuliko thelathini iliyotajwa majina tu.

Mdalasini ni wa kusimamia kwa muda mrefu. Mtembezaji atachuma jani, alipasue na kuwapa watoto wanuse, nao watasema ni karafuu, na hawatakuwa wamekosea sana, kwa sababu mafuta ya jani la mdalasini yanafanana na ya karafuu. Kisha atakwangua gome kwa kisu, na hapo ndipo itakapotoka harufu ya mdalasini wanaoujua. Mwisho atafukua kipande cha mzizi, nao mzizi una kafuri, unanuka kama dawa ya kupaka kifuani mtu akiwa na mafua. Mti mmoja, harufu tatu. Nimeona watoto wakirudi kwenye jani mara ya pili na ya tatu kuhakikisha kwamba hawakudanganywa.

Kungumanga nayo itampendeza mdogo kwa rangi yake. Tunda likiwa limeiva hupasuka lenyewe, na ndani yake mna kokwa nyeusi inayong'aa, iliyovikwa nyuzi nyekundu kama mtu aliyejifunga kilemba. Nyuzi hizo ndizo basibasi, nazo hukaushwa na kuwa kiungo cha peke yake. Yaani tunda moja hutupa viungo viwili, na kina mama wengi waliopika kwa miaka hawajapata kuviona vikiwa pamoja.

Kwa huyo wa miaka 13 muombeni mtembezaji asimame kwenye lavani, ambayo wengine huiita vanila. Huu ni mmea unaotambaa juu ya mti mwingine, asili yake ni Meksiko, na ua lake huchanua siku moja tu. Kwa kuwa wadudu wanaolichavusha kwao hawako huku, mkulima huenda ua kwa ua, akainua kwa kijiti chembamba kile kijiwambo kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, kisha akazibana pamoja kwa kidole gumba. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, katika Bahari hii hii ya Hindi, na mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, jina lake Edmond Albius. Binti au kijana wako wa miaka 13 akisikia kwamba aliyefundisha dunia kulima lavani alikuwa mdogo kuliko yeye, na kwamba hakuwa huru, utaona anavyonyamaza.

Historia hiyo msiikwepe hata kwenye karafuu. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia, na uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said, aliyekuwa Sultani wa Oman na Zanzibar, aliusimamia kwa nguvu hata kuwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu kwa wingi kuliko minazi. Waliofyeka na kuchuma walikuwa watumwa, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Mwaka mmoja kabla, yaani Aprili 1872, kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa wananchi kwa eka tatu tatu, na wazee wengi wa huku mashamba wanaweza kuwasimulia watoto wenu ni nani katika ukoo wao aliyepewa eka zake na wapi. Mkimpata mzee wa namna hiyo akiwa amekaa chini ya mwembe, acheni miti mingine mkae naye.

Desemba huenda mkakuta uchumaji wa karafuu bado unaendelea. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijachanua. Likishachanua thamani yake imepotea. Vishada huchumwa juu mtini, vikaletwa chini, watu wakakaa kuchambua, tumba huku na makonyo kule, kisha tumba huanikwa juani juu ya majamvi mpaka zigeuke rangi ya kahawia. Marehemu bibi yangu alikuwa akiokota moja jamvini na kuivunja karibu na sikio. Ikikatika kwa mlio mkavu, imekauka. Waacheni watoto wafanye hivyo, lakini waombe kwanza, kwa sababu karafuu iliyo jamvini ni fedha ya mtu na imehesabiwa. Vivyo hivyo msiwaruhusu kuchuma chochote pasipo ruhusa, hata kama wamemwona mtembezaji akichuma.

Juu ya fedha: kubalianeni bei kabla ya kuingia, mtaje idadi ya watu wazima na watoto, mwulize kama matunda na chakula cha mchana vimo ndani ya bei hiyo au vinalipiwa mbali. Ongeeni Kiswahili, mseme mmetoka Dar es Salaam, na mwulize bila ya kuona haya kama kuna bei ya wananchi. Mwisho wa matembezi mtakuta meza ya viungo vilivyofungwa na sabuni, na hamlazimiki kununua. Mimi, hata hivyo, ningewashauri mnunue kidogo, na yule kijana aliyewasukia watoto kofia na pete za makuti mmpe bakshishi yake, kwa maana wengi wao hawana mshahara mwingine siku hiyo. Aliyepanda mnazi kuwaangulia madafu naye asisahauliwe.

Wavisheni viatu vya kufunika vidole na suruali ndefu, kwa sababu ya siafu na upupu, na kwa kuwa mvua za vuli zinaweza kuwa zimeacha utelezi. Mama na binti mkubwa mvae nguo za heshima, kwani mtapita katikati ya makazi ya watu. Nguo nyeupe ziacheni nyumbani: manjano yakishagusa hayatoki, na mzingefuri, ambao mbegu zake hutoa rangi nyekundu, watoto hupakana nao midomoni na mashavuni.

Nguvu zikibaki, pitieni hamamu la Kidichi, yaani nyumba ya kuogea ya zamani, ambalo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi katikati ya karne ya 19. Kuta zake zina nakshi za ndege na maua, na ndani mna ubaridi. Dakika ishirini zinatosha.

Swali: Mimi ni mkazi wa Morogoro. Kila ninaposikia mashamba ya viungo hutajwa Zanzibar, kana kwamba huku bara hatuna. Familia isiyo na nauli ya boti ifanye nini? — Baba Mwenye Shauku, Kihonda.

Jibu: Ndugu yangu, umesema kweli. Milima ya Uluguru iko juu ya kichwa chako, na huko Mkuyuni na Matombo watu wanalima mdalasini, karafuu, pilipili manga na iliki. Tanga nako, Muheza kuelekea Amani, viungo vinalimwa kwenye miteremko ya Usambara. Tofauti ni kwamba mashamba mengi ya huko hayajazoea kupokea wageni: hamtakuta meza ya matunda wala mtembezaji anayesubiri. Tafuteni mwenyeji, iwe mfanyakazi mwenzako aliyezaliwa huko au fundi anayekujengea, awapeleke kwao. Mpitie kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mbebe sukari na unga wa zawadi, na mkubali kushika jembe kidogo mkialikwa. Mimi binafsi naipenda zaidi ziara ya namna hiyo, ingawa inahitaji miguu yenye nguvu.

Swali: Shikamoo. Mwanangu wa miaka 7 ana pumu. Tunatarajia kutoka Mombasa kwenda Unguja mwezi wa Agosti. Je, viungo vitamdhuru? — Mama Mzazi, Likoni.

Jibu: Marahaba. Mwulize kwanza daktari anayemtibu, kwa maana yeye ndiye anayejua kinachomchochea. Kwa upande wa shamba, jani bichi kwa kawaida halisumbui kama vumbi la viungo vikavu na moshi, basi mkae mbali na mahali panaposagwa pilipili au panapochomwa majani, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwako, isiachwe garini. Nikiwa hapo niwakumbushe wazazi wote: kuonja ni kwa ncha ya ulimi. Kungumanga ikiliwa kwa wingi ni sumu, na mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa hayapewi mtoto hata tone.

Swali: Mimi na mume wangu tuna eka tatu Kaskazini B, zenye mikarafuu michache, mdalasini, pilipili manga, mishokishoki na mafenesi. Majirani wanatushauri tufungue shamba kwa wageni wenye watoto. Tuanze na nini? — Mkulima, Unguja.

Jibu: Anzeni kwa sheha wenu, kisha nendeni Kamisheni ya Utalii Zanzibar mkaulize masharti ya leseni kabla ya kupokea senti ya mtu yeyote. Baada ya hapo, kwa kuwa mnalenga familia, choo safi chenye maji na sabuni kitangulie mambo mengine yote, kwa sababu mama atasamehe shamba lisilo na lavani lakini hatarudi penye choo kibaya. Fyekeni njia moja fupi ya kuzunguka, yenye kivuli, ambayo bibi kizee na mtoto wa miaka 3 wanaweza kuimaliza, na katikati yake wekeni mkeka na maji ya kunywa. Siku mliyopiga dawa ya wadudu msipokee mgeni, na chupa za dawa zifungiwe ndani.

Msijaribu kuwa na viungo vyote. Pilipili manga peke yake inatosha kumshughulisha mtoto kwa robo saa, mkimwonesha kwamba ile nyeusi na ile nyeupe zimetoka kwenye mmea huo huo mmoja: nyeusi ni punje iliyochumwa ikiwa bado mbichi ikaanikwa na ganda lake, na nyeupe ni ile iliyoachwa ikaiva kisha ikavuliwa ganda. Mpeni kila mtoto kishada kimoja akitazame, na kila familia mche mmoja iondoke nao, hata kama ni mchaichai uliopandwa ndani ya kopo.

Na kabla ya yote hayo, kama shambani mna kisima, kifunikeni leo hii, mtoto asije akatumbukia.