Fundi wa Ndege Anajibu: Nani Aliipanda Kwanza?

Juma lililopita niligusia kwenye safu hii jinsi ndege na injini zake zinavyojaribiwa kabla ya kubeba watu, nikaahidi kupokea maswali. Yamekuja kutoka Chikongola hadi Nachingwea. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na mengine nimeyafupisha bila kuharibu maana.

Salaam alaikum fundi. Nilipanda ndege ya mapangaboi kwenda Dar kumuuguza dada yangu, nikapewa kiti usawa wa panga lenyewe. Safari nzima nikajiuliza: hivi hii ndege ilipotoka kiwandani nani aliipanda kwanza? Isije ikawa sisi abiria ndio tunaijaribu. (Mama wa Chikongola, Mtwara)

Waalaikum salaam mama, dada yako apate afueni. Si ninyi. Kwa maelezo yako, huenda ulipanda Q400. Aina hiyo iliruka mara ya kwanza huko Canada tarehe 31 Januari 1998, na abiria wa kwanza wa kulipa nauli waliipanda mwaka 2000. Katikati ya hapo ilikuwa mikononi mwa marubani wa majaribio na wahandisi wao, watu ambao kazi yao ni kuifanyia ndege mambo ambayo rubani wako haruhusiwi kuyafanya akiwa na abiria.

Wanainua pua huku wakipunguza mwendo mpaka mabawa yashindwe kubeba na ndege ianze kuporomoka, kisha wanairudisha sawa. Wanazima injini moja wakati magurudumu ndiyo kwanza yanaacha ardhi. Ndege kubwa wanaiinua pua mapema mno, mkia ukaburuzika kwenye lami na cheche zikaruka, ili wajue mwendo mdogo kabisa inaoweza kupaa nao. Ndani ya ndege ya majaribio utakuta kompyuta, nyaya za rangi ya machungwa zilizotandazwa sakafuni, na mapipa ya maji. Maji hayo yanasukumwa kwa pampu kutoka mbele kwenda nyuma, kuiga uzito wa abiria ukihama.

Hayo ni ya aina mpya ya ndege. Baadaye kila ndege moja moja inayotoka kiwandani nayo inarushwa na marubani wa kiwanda, halafu mnunuzi analeta marubani na mafundi wake waikague na kuirusha kabla hawajasaini. Ulipofunga mkanda, mama, wengi walishatangulia.

Fundi, mimi ni dereva wa lori. Msimu wa korosho nikishuka mteremko wa Newala na mzigo, breki zinanuka na wakati mwingine zinatoa moshi. Ndege ni nzito kuliko lori langu na inakimbia zaidi. Breki zake wanazijaribuje? (Dereva, Newala)

Swali hili nimelipenda, ndugu dereva, maana wewe harufu hiyo unaijua.

Chukua ndege kubwa, ijaze uzito wa mwisho inaoruhusiwa. Ifunge breki zilizolika karibu zote, zile ambazo kwenye gari lako ungeshaenda kuzibadilisha. Iache ikimbie mpaka mwendo wa karibu kupaa, kisha kata nguvu ya injini na ukanyage breki mpaka mwisho, bila kuruhusiwa kutumia msaada wa injini kugeuza upepo wake uelekee mbele. Ndege inasimama. Visahani vya breki vinakuwa vyekundu kama makaa ya mhunzi, moshi unafuka magurudumu yote. Magari ya zimamoto yapo pale pale, na hayaruhusiwi kugusa kitu kwa dakika 5, kwa sababu siku ya ajali ya kweli huenda zimamoto wakachukua muda huo kufika.

Ndani ya dakika hizo utasikia tairi zikitoa upepo moja baada ya nyingine. Zimetengenezwa hivyo. Kwenye gurudumu kuna vizibo vinavyoyeyuka joto likizidi, tairi ikatoa upepo taratibu badala ya kulipuka. Moto ukisambaa kabla dakika 5 hazijatimia, jaribio limefeli na wahandisi wanarudi mezani.

Huku kwetu kunguru ni wengi mno, hata uwanjani. Nasikia wanatupa kuku ndani ya injini kuijaribu. Ni kweli? (Msomaji, Masasi)

Ni kweli kwamba ndege wenye manyoya hutumika, na huwa wameshakufa. Wanafyatuliwa kwa mzinga wa hewa kuingia kwenye injini inayozunguka kwa nguvu za kupaa. Kwa injini kubwa kabisa, ndege mmoja mkubwa anafikia kilo 3.65. Hapo injini inaruhusiwa kuharibika, lakini isishike moto wala kurusha vipande nje. Kwa kundi la ndege wadogo na wa kati masharti yanabadilika: injini lazima iendelee kutoa nguvu ya kutosha ndege irudi uwanjani. Kunguru wetu wa pwani yumo kwenye kundi hilo la pili. Mwaka 2009 mjini New York mabata bukini walizima injini mbili kwa pamoja, rubani akatua mtoni na watu wote 155 wakapona, na kwa sababu hiyo viwanja vya ndege bado vinalipa watu wa kufukuza ndege.

Shikamoo. Injini mpya ambayo haijawahi kuruka, rubani gani anakubali kwenda nayo angani? Ikizima je? (Kijana wa Mikindani)

Marahaba mwanangu. Anakwenda nayo, ila haitegemei.

Kwanza injini inafungwa kwenye jengo maalumu chini na kuteswa huko miezi kadhaa. Inamwagiwa maji kuliko mvua yetu ya Januari, inatupiwa mawe ya barafu. Jaribio ninalolistahi kuliko yote ni la kukata panga. Feni ikiwa kwenye kasi yake ya mwisho, kilipuzi kidogo kilichofichwa kwenye shina la panga moja kinalipuliwa. Panga linang'oka na kugonga kasha la injini, feni iliyopoteza mizani inatikisika vibaya, kamera za kasi zinapiga picha. Kasha likitobolewa, injini haipati cheti. Injini nzima, ya mamilioni ya dola, imetolewa sadaka kwa ajili ya sekunde zile chache.

Ikishapita mengi ya hayo, inafungwa kwenye ndege nyingine ya zamani inayojulikana tabia zake. Rolls-Royce na General Electric wametumia Boeing 747 kwa kazi hii: injini moja kati ya nne ndiyo ngeni, tatu ni za kuaminika. Injini ya PT6, ambayo jamii yake ndiyo inayovuta zile Caravan zinazotua Kilwa Masoko, ilirushwa mara ya kwanza mwaka 1961 ikiwa imefungwa puani mwa ndege ndogo ya Beech 18, ambayo injini zake mbili za kawaida zilibaki mabawani.

Na hata baada ya hapo mambo hutokea. Airbus A220, ambayo shirika letu la ndege linayo, ilipokuwa bado inaitwa CSeries iliruka mara ya kwanza tarehe 16 Septemba 2013. Tarehe 29 Mei 2014 injini ya ndege mojawapo ya majaribio ilipasuka ikiwa chini, pale Mirabel, Canada. Tatizo lilikuwa kwenye mfumo wa mafuta ya kulainisha. Safari zote za majaribio zikasimama mpaka Septemba. Wengine waliona aibu kwa kiwanda. Mimi niliona jaribio likifanya kazi yake.

Tukipita juu ya Rufiji ndege inatikisika na bawa linapinda naliona kwa macho. Haliwezi kukatika? (Mwalimu, Nachingwea)

Mwalimu, bawa lisilopinda ndilo la kuogopa. Kanuni ni hii: unatafutwa mzigo mzito kuliko yote ambao bawa litakutana nao maishani, kisha bawa linavutwa mpaka mara moja na nusu ya hapo, na lisivunjike kwa sekunde 3. Machi 2010 mabawa ya Boeing 787 yalivutwa juu kiasi cha meta 7.6 yakahimili. Februari 2006 bawa la Airbus A380 lilivunjika likiwa limebakiza kidogo tu kufikia lengo hilo. Airbus walilazimika kuimarisha sehemu ile na kuthibitisha upya.

Kupinda mara moja ni jambo moja, kupinda mara elfu ni jingine. Chukua waya, ukunje na kuukunjua pale pale. Utakatika bila nguvu. Somo hilo lilitugharimu maisha ya watu mwaka 1954, ndege mbili za abiria za Comet zilipopasukia angani. Waingereza walitumbukiza mwili mzima wa Comet kwenye tangi la maji pale Farnborough, wakaujaza na kuutoa shinikizo tena na tena, kuiga kupanda na kushuka, mpaka chuma kikachanika kuanzia kwenye kona ya tundu. Tangu hapo ndege moja ya kila aina mpya haiendi angani kabisa. Inabaki chini ikipindwa na kukunjuliwa usiku na mchana.

Kama majaribio ni makali hivyo, zile 737 MAX zilianguka vipi? Na sisi tunazo. (Wasomaji watatu, Lindi mjini)

Hili ndilo lililonikosesha usingizi, nami silijibu kwa haraka.

Ndege mbili, moja Indonesia Oktoba 2018 na nyingine ya Ethiopia iliyokuwa ikienda Nairobi Machi 2019, zilichukua roho 346. Kulikuwa na mfumo wa kompyuta uliosukuma pua chini wenyewe, ukisikiliza kihisi kimoja tu, kile kifaa cha kupima pembe ya ndege dhidi ya upepo. Kihisi kikidanganya, mfumo unaamini.

Linaloniuma mimi fundi ni hili. Safari za majaribio zilionyesha kwamba mfumo unahitaji nguvu zaidi kwenye mwendo mdogo, wakauongezea nguvu. Hapo ilibidi waulize upya kila swali: mfumo huu mwenye nguvu mpya ukikosea, rubani ataona nini? Kwenye kiigizi, yaani mtambo wa chini unaoiga ndege, walijaribu pua kusukumwa bila sababu, lakini hawakuweka pamoja na hilo kelele zote ambazo kihisi kibovu huleta: usukani kutetemeka, mwendo kusomeka tofauti kila upande, taa za tahadhari. Marubani wale wawili wawili walikutana na vyote kwa mpigo, karibu na ardhi.

Ndege hizo zilizuiwa duniani kote. Marekani waliziruhusu tena Novemba 2020, baada ya mfumo kufanywa usikilize vihisi viwili, usisukume mara kwa mara, na usimzidi rubani nguvu. Ya kwanza ya kwetu ilikuja mwaka 2023, baada ya marekebisho hayo. Ningeipanda, na nimeshaipanda.

Ndege iliyobadilishwa injini nayo inajaribiwa? (Msomaji, Shangani)

Ndiyo, kwanza chini, na ikihitajika angani. Nakumbuka usiku mmoja nikiwa kijana kazini. Tulikuwa tumebadilisha injini ya ndege ya propela, tumeiwasha kwa nguvu ndogo, tumekagua kwa tochi: pakavu. Kila mtu alitaka kwenda nyumbani na karatasi ilikuwa tayari kusainiwa. Mzee wetu akasema iwashwe tena, safari hii mpaka nguvu za kupaa. Tulipozima, chini ya kiungio cha bomba la mafuta nikaona doa jeusi linalong'aa, dogo kuliko sarafu. Nilifuta kwa kitambaa, likarudi polepole. Tulifungua tukakuta mpira wa kuziba umebanwa na kukatwa ubavuni. Ule mpira mzee alinipa, nikautunza kwenye kisanduku cha vifaa mpaka nilipostaafu.

Nipo kidato cha tatu, nasoma fizikia. Nianzie wapi? (Mwanafunzi wa kike, Mtwara)

Shikilia fizikia na hisabati, binti yangu. Kwa ufundi wa ndege, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Dar es Salaam. Shule za marubani na wahandisi wa majaribio zipo Uingereza, Ufaransa na Marekani, na huwa zinapokea watu wenye uzoefu tayari. Niandikie ukimaliza kidato cha nne.

Mjomba, eti gesi yetu ilikuwa inaendesha injini za ndege pale Ubungo? Tumebishana sana hapa kijiweni. (Songo Songo, Kilwa)

Aliyesema ndiyo ameshinda. Gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, sehemu ya mitambo iliyoipokea Ubungo ni LM6000, na LM6000 imetokana na injini ya ndege ya CF6-80C2, iliyobeba Boeing 747 na 767. Feni ya mbele imeondolewa, na badala ya kusukuma ndege inazungusha jenereta. Moyo wake ni ule ule uliotupiwa maji na barafu kabla haujapewa cheti.