Dawa za kupunguza ulaji wa mafuta: majibu yenu

Wiki hii meseji karibu zote zinauliza hivi vichupa na vidonge vya kutia kwenye tanki ili gari ipunguze kula mafuta. Nimechukua zilizojirudia.

Shikamoo fundi. IST yangu imeanza kula sana, zamani full tank nilikuwa namaliza nayo wiki, sasa siku nne tu. Duka la spea kuna dawa ya elfu 25 wanasema inaokoa asilimia 30. Ninunue? (Dereva teksi, Ubungo)

Marahaba mdogo wangu. Piga hesabu kwanza. Tuseme unajaza lita 40 na lita ni elfu 3, hiyo laki na ishirini, sasa chupa ya elfu 25 kila tanki lazima ikuokolee zaidi ya asilimia 20 ndo urudishe hela yako tu, faida bado. Kule Marekani shirika lao la mazingira, EPA, limeshapima vifaa na dawa za hivi zaidi ya 100 tangu miaka ya 1970, zilizoonyesha nafuu ni chache mno na nafuu yenyewe ndogo.

Ila mimi dawa hainisumbui kama hiyo wiki kugeuka siku nne. Hapo kuna kitu kimekufa. Taa ya injini inawaka? Angalia oksijeni sensa, ile inakaa kwenye ekzosi inaonja moshi na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze mafuta, ikifa kompyuta inakisia na mara nyingi inamwaga tu. Halafu muulize fundi wako kama alishawahi kuing'oa themostati, ile inayosaidia injini ipate joto lake, maana wapo wengi wanaitoa wanasema nchi yetu ya joto haina kazi, na hii inaniuma sana kwa sababu injini isipofikia joto lake kompyuta inadhani bado ni asubuhi na baridi, inaongeza mafuta safari nzima. Ukishuka garini sogeza mkono karibu na kila rimu, moja ikiwa inachoma kuliko zingine breki imekamata, na hiyo nayo inakula wese.

Kwa hiyo zote ni utapeli?

Hapana, tusiseme hivyo. Dawa za kusafisha nozeli, zile zinazorusha mafuta kwenye injini, hasa dawa zenye kemikali ya kusafisha iitwayo PEA (soma kopo), zinafanya kazi kweli kama nozeli zako zimeziba uchafu. Zinakurudishia ulichopoteza, basi, nozeli safi haina cha kurudishiwa. Na wenye injini za Toyota za D4 mjue petroli inarushwa moja kwa moja ndani ya silinda haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo kaboni ya pale haiguswi na dawa ya kwenye tanki.

Bosi, huku kijiweni tunachanganya mafuta ya taa kidogo, wengine asetoni au naftalini. Vipi? (Bodaboda, Morogoro)

Acheni jamani. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, yaani uwezo wa kuzuia injini isigonge, kwa hiyo injini inagonga, pistoni inaumia. Uchakachuaji huu ndo ulifanya serikali ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya wakaweka kodi ya shilingi 18 za kwao kwa lita mwaka 2018, na anayeumia ni mama anayewasha kibatari. Asetoni inalainisha mipira na sili za mfumo wa mafuta, zikivuja juu ya injini ya moto mnajua kinachofuata. Naftalini iacheni kabatini.

Mimi dawa nimetumia na mshale wa mafuta unashuka taratibu, nimeona kwa macho.

Nakuamini umeona, ila mshale sio kipimo. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha tripu sifuri, tembea, rudi pampu ileile ujaze tena ikate. Kilomita 420 kwa lita 30 ni 14 kwa lita. Fanya hivyo matanki matatu bila dawa na matatu ukiwa nayo, njia zilezile, upepo wa matairi uleule. Mtu akishatoa hela yake kwenye dawa huwa anaendesha kwa upole bila kujijua, na mguu mwepesi unaokoa kweli.

Nikiweka oktani 95 badala ya 91 nitaenda mbali zaidi?

Kama kitabu cha gari kinasema 91, hapana. Oktani ni kuzuia injini isigonge, haina uhusiano na nguvu iliyomo kwenye lita.