Masuali ya Wasomaji: Klopp alifunzwa wapi ukocha?

SUALI: Assalaamu alaykum, ndugu mhariri. Mimi ni beki wa timu ya madaraja ya chini na natamani kuwa kocha. Wenzangu barazani hunikatisha tamaa kwa kusema kwamba asiyewahi kuchezea timu kubwa hawezi kufundisha mpira, nami huwatolea mfano wa Jürgen Klopp. Je, alikuwa mchezaji wa kiwango gani, na aliupataje ukocha?
Msomaji, Chake Chake, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Mfano wako ni sahihi, lakini wasimulie wenzako kisa chote, kwa sababu Klopp hakuingia katika ukocha mikono mitupu.

Ni kweli kwamba hakuwahi kucheza ligi kuu ya Ujerumani wala timu ya taifa. Alizaliwa Stuttgart mwaka 1967, na kuanzia 1990 hadi 2001 aliichezea Mainz 05 katika daraja la pili, kwanza mshambuliaji, kisha beki wa kulia. Agosti 1991 aliifunga Erfurt mabao manne peke yake, ila siku za namna hiyo zilikuwa chache, na mwenyewe amewahi kukiri kwamba kichwa chake kilikuwa cha daraja la kwanza na miguu yake ya daraja la nne.

Kichwa hicho ndicho alichokishughulikia. Akiwa bado mchezaji alisoma sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Frankfurt na kuhitimu mwaka 1995, mwaka ule ule ambao Wolfgang Frank alikuja kuifundisha Mainz iliyokuwa ikiburura mkia. Wakati huo timu nyingi za Ujerumani zilikuwa zikikaba mtu kwa mtu, huku beki mmoja akibaki nyuma ya wenzake kusafisha mipira iliyopenya. Frank alimwondoa beki huyo, akapanga mabeki wanne katika mstari mmoja na kuwataka wachezaji wote wasogee pamoja kufuata mpira ulipo, jambo walilolirudia mazoezini kwa muda mrefu, mara nyingi bila ya kuugusa mpira wenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo Klopp alipofunzwa, kwani alijionea namna wachezaji wa kawaida wanavyoweza kuwashinda waliowazidi vipaji kwa kujipanga vizuri.

Februari 2001, timu ikiwa hatarini kushuka, meneja Christian Heidel alimkabidhi Klopp ukocha. Mechi ya kwanza waliifunga Duisburg 1–0, na msimu ukaisha wakiwa salama. Mwaka 2002 walikosa kupanda kwa pointi moja. Mwaka 2003 walikosa kwa tofauti ya bao moja tu: siku ya mwisho waliifunga Braunschweig 4–1 ugenini, lakini timu ya Frankfurt, waliokuwa wakigombea nafasi hiyo hiyo na wakiwa sare ya 3–3 na Reutlingen, wakapachika mabao matatu katika dakika za mwisho. Uongozi haukumfukuza, na 2004 Mainz ikapanda ligi kuu kwa mara ya kwanza. Ubingwa wa Ujerumani na Dortmund, 2011 na 2012, na ule wa Ulaya 2019 na Uingereza 2020 na Liverpool, bila shaka unaujua.

Kwa upande wako, leseni za ukocha za CAF, yaani Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, zinaanzia daraja D, hivyo ulizia kozi hiyo katika chama cha mpira cha wilaya yako. Usiache kucheza kwa sasa, na kila baada ya mazoezi muulize kocha wako kwa nini amelipanga zoezi lile namna ile. Nafasi ya beki itakusaidia, kwa kuwa timu nzima inacheza mbele ya macho yako.