Ikute imelala

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukiwa na akiba, utanunua pikipiki kubwa ya mtumba yenye sura ya kizamani, au Boxer mpya? Nilitaka kujibu neno moja, Boxer, nikalale. Lakini mmenitonesha kidonda.

Mwaka juzi hapa Tanga dalali alinipigia: kuna Yamaha DragStar 400 kutoka Japani, bei ya kutupa, mwenyewe anahama. Mnazijua. Kiti kiko chini, nikeli kila mahali, mpandaji amenyoosha miguu kama yuko barazani. Utadhani ya enzi za babu, kumbe Yamaha waliitoa 1996.

Fundi wangu wa Ngamiani alinionya, "Mwanangu, hakikisha unaikuta imelala," yaani injini iwe baridi, haijawashwa. Basi saa kumi na mbili asubuhi niko Raskazone. Kabla hata salamu hazijaisha nikaweka kiganja juu ya silinda. Moto! Jamaa akacheka, "Nilikuwa nakupashia, kaka." Nikajua kuna jambo, maana injini iliyokwisha pashwa huweza kuwaka hata kama kabureta zake mbili, zile za kuchanganya petroli na hewa, zimejaa uchafu. Nikafungua tangi, nikamulika kwa simu. Nje unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Ndani kutu nyekundu kama udongo wa Lushoto.

Nikasema ngoja ipoe. Tukaletewa chai na mihogo, tukaisema Coastal Union mpaka saa tatu. Ilipopoa, starta ikalia, ikalia. Mara ya nane ikashika silinda moja, inakohoa kama mzee wa tumbaku. Na haina kiki ya kuwashia kwa mguu ile! Betri ikifa, unasukuma zaidi ya kilo 200. Namba ya chesisi pale shingoni ilifanana na ya kwenye kadi, hapo nampa haki yake. Ila jina la kwenye kadi ni la mtu mwingine kabisa, na yuko Oman. Nikaaga.

Kwa hiyo msituulize tutanunua ipi. Ulizeni nani ataitengeneza. Tairi ya nyuma ya DragStar ni rimu ya inchi 15, Boxer ni 17, kwa hiyo kwenye maduka ya spea za boda hupati kitu. Japo, kusema kweli, haina cheni wala sproketi za kubadilisha kila mara. Gurudumu linazungushwa na shafti, mhimili wa chuma. Na kutu ya tangi husafishika. Na siku ile, hatimaye iliposhika silinda zote mbili, watoto wa madrasa walisimama njiani kusikiliza ule mlio.

Jibu langu ni Boxer, kwa mwenye familia na akili timamu. Mimi, kama yule wa Oman atasaini karatasi za kuhamisha umiliki, na kama fundi atakubali twende pamoja, sijui. Juzi nilimpigia dalali, kuulizia tu. Bado ipo, na imeshuka laki mbili.

Jina langu msilichapishe. Mke wangu hakosi toleo lenu.