Walinipa maikrofoni siku ya kumi na tisa

Siku ya kumi na tisa bila pombe nilisimamishwa mbele ya kanisa nitoe ushuhuda. Shati mke wangu alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Nikasema "Bwana asifiwe", nikaeleza jinsi kiu yote ilivyoniondoka, akina mama wakapiga vigelegele, mzee mmoja wa kanisa akanikumbatia mpaka miwani yake ikadondoka. Sikuwa nadanganya. Asubuhi ile kiu haikuwepo kweli.

Siku ya ishirini na nne nilikuwa nyuma ya grosari, nimechutama katikati ya kreti tupu, nakunywa haraka haraka kwa sababu mwimbaji wa kwaya yetu alikuwa anapita barabarani.

Kuanguka kwenyewe nilikuwa nimekuzoea. Kigeni kilikuwa kukosa pa kupeleka habari hiyo. Umeshashangiliwa na kanisa zima, unarudi vipi kuwaambia kwamba vigelegele vilikuwa vya mapema? Kwa hiyo nilinyamaza. Miezi saba nikaenda ibadani kila Jumapili nikinuka peremende, na kila aliyeniuliza hali nilimjibu "Mungu ni mwema". Wewe unayepita humo sasa hivi ndiye ninayekuandikia, pamoja na mchungaji au mzee wa kanisa anayefikiria kuanzisha kikundi cha watu wa namna yetu.

Mimi ni wa kizazi cha viroba, vile vipakiti vidogo vya plastiki vya pombe kali. Unakiweka kwenye soksi, unakinywa chooni kazini, hakuna chupa ya kuficha. Vilipopigwa marufuku Tanzania Machi 2017, nilidhani Serikali imenimalizia kazi. Kabla wiki haijaisha nilishajua duka linalouza chupa ndogo na muuzaji asiyeuliza maswali.

Nianze na jambo la hospitali, maana hapo watu wanapoteza maisha. Jaribio langu la kwanza la kuacha lilikuwa maombi ya kufunga siku tatu kwenye nyumba moja ya maombi. Kwa miaka nilikuwa nakunywa tangu asubuhi, na siku hiyo nikakata ghafla. Usiku mikono ilitetemeka nikashindwa kushika kikombe, jasho likalowesha godoro. Waombaji wakafurahi, wakasema pepo linatoka. Siku ya pili nikadondoka na degedege. Aliyeniokoa ni dada mmoja muuguzi aliyekuja kumwombea mama yake. Alipiga kelele mpaka ikaletwa bajaji. Hospitali walinieleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Zipo dawa za kuushusha taratibu, na huwa wanatoa pia vitamini B1. Kwa hiyo kama unatetemeka asubuhi kabla hujapata ya kwanza, muone daktari kabla ya kuacha. Maombi yaendelee, hayagombani na dripu.

Kwenye kikundi chetu yuko kijana aliyetoka kwenye heroini. Kila asubuhi anakwenda kliniki kunywa methadoni yake, dawa inayotuliza hamu ya heroini. Huduma hiyo ilianza hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Aliwahi kuambiwa na mlokole mmoja kwamba anabadilisha dawa kwa dawa na kwamba hajaokoka sawasawa. Akaacha kliniki, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ikamrudisha kijiweni. Sasa ana kazi ya kuchomelea na anakunywa dozi yake bila kumwomba mtu radhi.

Kikundi chenyewe nilipelekwa na mzee mmoja fundi wa mabati, mstaafu, ambaye hakuwahi kuniambia niache pombe. Aliniambia tu, "Alhamisi saa kumi na mbili jioni tunakaa chumba cha shule ya Jumapili. Hakuna anayehubiri." Nikakuta wanaume sita kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani, ukutani pamebandikwa safina ya Nuhu iliyochorwa kwa kalamu za rangi. Wakasoma Heri zile za Mathayo 5, halafu mmoja mmoja akaanza kusema jinsi wiki ilivyokwenda. Mmoja alisema amempiga mtoto. Mwingine amebeti ada ya shule. Nilishangaa kwamba hakuna aliyesema "pole" wala aliyefungua Biblia kumrekebisha. Kimya kidogo, kisha zamu ya anayefuata.

Baadaye nilijua kanuni zile zilitoka wapi. Zinatoka kwenye mpango unaoitwa Celebrate Recovery, ulioanza mwaka 1991 kwenye kanisa la Saddleback huko California. John Baker, aliyeuanzisha, alikuwa mlevi mwenyewe, na misingi yake minane imefungamanishwa na zile Heri. Mtu anaongea dakika tatu hadi tano, anajisemea mwenyewe, siyo mkewe wala bosi wake. Haruhusiwi kumkatiza mwenzake wala kumpa dawa ya matatizo yake. Wanaume hukaa kwao na wanawake kwao. Kilichosemwa humo hakitoki humo. Hiyo ya mwisho nitairudia.

Nyuma ya hapo kuna kisa ambacho mzee wetu anakipenda, nami nimekipenda kuliko mahubiri mengi. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa aliyeacha pombe miezi michache kabla, alikuwa hotelini Akron, Ohio, dili lake limebuma, na sauti za baa zinamfikia. Badala ya kuingia baa akaenda kwenye simu, akampigia mchungaji, na wito wake haukuwa wa kuombewa: alitaka aunganishwe na mlevi mwenzake aongee naye. Akafikishwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa imemshinda. Daktari alikubali dakika kumi na tano tu, wakaongea masaa. Hapo ndipo ilipoanzia Alcoholics Anonymous (AA), ile jumuiya ya walevi walioamua kusaidiana, yenye hatua 12 ambazo vikundi vingi vya makanisa vimezichukua na kuziwekea mistari ya Biblia. Angalia alichokitafuta yule bwana. Yakobo 5:16 inasema "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi", na sisi tumeigeuza ikawa mmoja mbele, mia nne wakipiga makofi.

Mimi ni Mlutheri, na kwetu aliyetengwa ana utaratibu wa kurudi kundini: anasimama mbele, anaombewa, anapokelewa. Siupingi. Lakini mlevi huanguka mara nyingi kuliko utaratibu huo unavyoweza kuvumilia. Jioni ile ya kwanza, zamu yangu ilipofika, nilisema nimekunywa jana, na leo mchana. Kimya kidogo. Kisha zamu ya anayefuata. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia kama mtoto, na sikupita grosari.

Ukitafuta kikundi, ingia kwanza na usikilize wanavyomtendea aliyeanguka wiki hiyo. Akikemewa, au akiwa hayupo kabisa na kila mtu ana ushindi wa kusimulia, ondoka. Humo utajifunza kuficha vizuri zaidi. Ondoka pia ukiuziwa mafuta au maji ya upako, ukiambiwa utupe vidonge vya hospitali, au ukisikia Jumapili mchungaji anatoa "mfano wa ndugu mmoja" na mfano ni wewe. Na ushuhuda? Kwetu hakuna anayepanda madhabahuni kabla ya mwaka mmoja, na hata hapo anakwenda na mwenzake anayeujua ukweli wote, amekaa benchi la mbele.

Mengine ni madogo lakini ndiyo yanayoshika siku. Tarehe ya mshahara ni hatari kuliko msiba na harusi, kwa hiyo kikundi chetu hukutana jioni hiyo hata ikiwa Jumatatu. Mshahara wangu ukiingia, mwenye simu mkononi ni mke wangu, na namba ya siri anaijua yeye. Nashuka daladala kituo kimoja kabla ya changu. Kila mtu ana mlezi wake. Mimi nabip, yeye anapiga, hata saa nane usiku, na mara nyingi tunaongelea mpira mpaka kiu ipite. Wengi hufikiri kinachohitajika saa hiyo ni neno zito la Mungu. Ninachohitaji mimi huwa ni dakika ishirini.

Nimeanguka mara mbili tangu niingie kikundini. Ya mwisho ilikuwa kwenye msiba wa baba, usiku wa matanga, na kesho yake mzee wangu alikuja na sare ya fundi, akakaa nami chini ya turubai akimenya viazi na akina mama. Hajaniuliza mpaka leo nilikunywa kiasi gani.

Kosa letu kubwa lilikuwa kusahau wake. Miaka miwili sisi wanaume tulikaa tukipumua, na wao nyumbani wamebaki na madeni, woga wa mlango ukifunguliwa usiku, na aibu sokoni. Sasa akina mama wanakutana Jumamosi asubuhi, chumba kilekile. Mke wangu haendi kwa ajili ya pombe, hajawahi kuionja. Anarudi akiwa mtulivu, siku nyingine macho yamevimba, na mara moja alirudi akicheka peke yake jikoni.

Nilimuuliza mlikuwa mnaongea nini. Akanitazama, akasema kilichosemwa humo hakitoki humo, akanipa vitunguu nikate.