Kitenge kinabanduka kwenye kasha la plastiki, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nashona hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kuna mteja anataka makasha magumu ya miwani yaliyovikwa kitenge, kasema nikimletea sampo nzuri anachukua dazeni. Nimekata dumu la mafuta, nikalipasha moto likakunjika vizuri tu, nikapaka gundi ya viatu, kesho yake kitenge chote kimebanduka alafu kwenye kona kimejaa makunyanzi. Gundi nimebadilisha mara tatu sasa.

JIBU: Marahaba dada. Acha kununua gundi, tatizo ni dumu. Geuza kitako chake, ukiona pembetatu yenye namba 2 hiyo ni polithilini, plastiki yenye utelezi wake wa asili, gundi ya viatu haiishiki. Tafuta bomba la PVC inchi 4, yale mepesi ya maji machafu, mafundi bomba wanabakiza vipande kila saiti.

Kwanza chonga kalibu ya mbao, yaani umbo la kasha la kulazia plastiki juu yake, paina ya Mafinga inatosha na inachongeka kirahisi. Ubavuni iache ipungue kidogo kwenda juu maana plastiki ikipoa inasinyaa na kubana, ukichonga wima kabisa hutaitoa. Kona piga msasa ziwe za mviringo.

Bomba lipasue kwa urefu, litumbukize kwenye maji yanayochemka. PVC inaanza kulegea nyuzi 80 hivi, kwa hiyo hata huku kwetu juu ambako maji yanachemka kwenye kama 94 tu inalainika. Vaa glovu nzito, ilaze juu ya kalibu, izungushie mpira wa tyubu ya baiskeli uivute hasa, usifungue mpaka ipoe kabisa. Ila usiipitishe kwenye mkaa jamani, ikiungua inatoa moshi wa asidi, ni hatari kwa mapafu.

Sasa kitenge, na hapa ndo kazi yenyewe. Kikate mshazari, sio kufuata uzi, hapo kitavutika na kulala kwenye kona bila kukunjamana. Kwaruza plastiki kwa msasa, paka gundi ile ile ya viatu kwenye plastiki na kwenye kitenge pia, subiri dakika 10 mpaka 15, ukigusa isinate kidoleni, ndo ubandike kuanzia katikati kwenda pembeni. Acha sentimita 2 za kukunjia ndani, na kwenye kona toa vipembetatu kwa mkasi. Dirisha liwe wazi na jiko liwe mbali, hiyo gundi inashika moto haraka mno.

Ikiisha usikimbilie kwa mteja, iache juani siku mbili uangalie zile kona, kama kuna pa kubanduka pataanzia hapo.